Mama Pacha na Miwani ya Mtihani

Kwa miaka sita Mama Pacha alifunga makasha ya vigae katika ghala moja kubwa. Aliinama, akanyanyua, akainama tena. Jioni alirudi nyumbani ameshika kiuno. Mumewe, fundi cherehani, alimwekea mto kitini kabla hajaingia.

"Mgongo unasemaje leo?"

"Unasema umechoka kunibeba."

Siku moja ghala lilitangaza nafasi mbili za kuendesha foklifti, lile gari dogo lenye vyuma viwili mbele vya kunyanyulia mizigo. Ni kazi ya kukaa. Mama Pacha aliandikisha jina siku hiyohiyo.

Mtihani haukufanyika kwenye foklifti yenyewe. Ulifanyika kwa miwani ya uhalisia pepe. Miwani hiyo huziba macho yote mawili na kumwonyesha mtu ghala la picha. Akigeuza kichwa kushoto, anaona upande wa kushoto wa ghala hilo. Mtahiniwa huivaa akiwa amesimama, ameshika usukani mdogo wa kuendeshea foklifti ya picha. Makarani wa ofisini waliichezea kila mapumziko. Wafungaji makasha hawakuwahi hata kuishika.

Zamu ya Mama Pacha ilipofika, dakika ya tatu kichwa kilimzunguka. Ya nne, akatapika juu ya viatu vya msimamizi.

"Mleteeni ndoo!" karani mmoja aliangua kicheko. Tangu saa ile akaitwa Mama Ndoo.

Msimamizi alipangusa kiatu. "Mama, kichwa chako hakikuumbwa kwa ajili ya mashine. Utarudia mara moja tu, baada ya wiki tatu. Ukishindwa, usiniulize tena habari za foklifti."

Mama Pacha alirudi nyumbani na hasira. Mumewe akaenda dukani kuulizia miwani ya kujifunzia. Muuzaji alimwonyesha moja tu, ya bei kali. "Bila hii, mzee, hakuna kujifunza."

Asubuhi yake fundi aliitoa cherehani nje, akaanza kuifuta vumbi ili aiuze. Jirani yao, fundi wa simu aliyeitwa Bisibisi, alikuwa akipita.

"Kaka, cherehani imekukosea nini?"

Alipoelezwa, uso ulimbadilika. "Muuzaji alikuuliza unataka miwani ya kufanyia nini?"

"Hakuuliza."

"Hakuuliza! Na mkishauza cherehani, mtakula nini mwezi ujao? Huo si uuzaji, ni unyang'anyi wa kistaarabu. Rudisha cherehani ndani. Nileteeni simu zenu."

Katika kila simu alifungua video iliyopigwa pande zote. "Ishike mbele ya macho, shemeji, kisha geuka nayo mwili mzima."

Kwenye simu ya mume, picha iliganda palepale. Kwenye simu ya Mama Pacha, kila alipogeuka, picha nayo iligeuka ikamwonyesha upande mwingine.

"Simu ya kaka haina kihisi cha kujua imegeuzwa wapi," Bisibisi alieleza. "Mngeitia kwenye miwani, mngelaumu macho yenu bure. Jaribio hili halina gharama. Lifanyeni kabla ya kununua chochote. Sasa tafuteni kasha la karatasi ngumu lenye lenzi mbili, la kutia simu ndani. Bei yake haizidi ya ndala. Video mzipakue mara moja, mzitazame mara nyingi."

"Na litafanana na miwani ya ghalani?" Mama Pacha aliuliza.

"Hapana, sitakudanganya. Hili linaonyesha tu, usukani hutashika. Lakini wewe usukani haukukushinda. Kichwa ndicho hakijazoea."

Kasha lilipatikana. Mama Pacha, kwa hasira zake, alilivaa akiwa wima nusu saa nzima, meno ameyauma. Alilala bila kula, ukuta ukimzunguka.

"Hapa si jeshini, shemeji!" Bisibisi alifoka kesho yake. "Ukijilazimisha, mwili unazidi kukataa. Keti. Dakika tano tu. Mate yakianza kukujaa mdomoni, vua papo hapo. Anza na video ambayo kamera imesimama. Inayotembea itafuata."

Pacha wao walidai zamu yao. "Nyinyi bado," Bisibisi alisema. "Macho yenu yangali yanakua."

Mama Pacha alitii. Wiki ya kwanza, dakika tano kila jioni. Ya pili, dakika kumi. Ya tatu alikaa ishirini, akavua, akaomba chai.

Siku ya mtihani, makarani walisogea kutazama. Mmoja alikuja na ndoo.

"Naomba kiti," alisema Mama Pacha.

"Mtihani hufanywa kwa kusimama," msimamizi alijibu.

"Kwani foklifti zetu huendeshwa kwa kusimama?"

Msimamizi alitazama foklifti zilizopangwa nyuma yake, kila moja na kiti chake. Kiti kikaletwa.

Mama Pacha aliketi, akavaa miwani. Kwa dakika ishirini aliendesha foklifti ya picha kati ya rafu za picha. Hakuangusha hata kasha moja. Alipovua, paji la uso lilikuwa kavu.

"Umefaulu," msimamizi alisema, bila kumtazama.

"Nashukuru. Lakini mara ya kwanza hamkupima uwezo wangu wa kuendesha. Mlipima nani ameizoea miwani, na mliowazoesha ni makarani. Hiyo si haki. Iwekeni katika chumba cha wafungaji, kila mtu ajifunze kabla ya kuitwa."

Wafungaji waliosimama mlangoni walipiga makofi. Msimamizi aliomba siku mbili za kufikiri. Ya tatu, miwani ilihamishwa.

Leo Mama Pacha anaendesha foklifti, na ule mto wa kitini wanaugombania pacha. Katika chumba cha wafungaji miwani iko mezani, na kando yake kiti. Chini ya meza iko ndoo. Aliileta Mama Pacha mwenyewe.

"Ya nani hii?" karani yule aliyemwita Mama Ndoo aliuliza siku moja.

"Ya yeyote atakayejifanya chuma," alijibu Mama Pacha, akarudi kwenye foklifti yake.