Swali la Mara ya Pili

Kila alfajiri Bi Ghaliya hufungua dirisha la juu la nyumba yao ya Mkunazini, akatia udi kwenye chetezo, kisha akaita, "Basma!" Naye mjukuu wake hujibu, "Naam, bibi," kwa ulimi tu, roho ingali huko huko usingizini. Basma, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa bingwa wa kuota. Aliota akipiga mswaki, aliota akifunga mtandio, aliota hata darasani, mwalimu akiandika ubaoni. Na ndoto yake ilikuwa moja: maulidi ya madrasa yao, watu wamejaa hadi barazani, naye anaongoza kasida.

Tatizo lilikuwa koo. Mafindofindo yalimwandama mwaka mzima, na sauti ikawa inakwaruza kama bawaba iliyokosa mafuta. Daktari alisema yatolewe. "Ukishatolewa, pumzika wiki mbili, kisha soma kasida utakavyo," alimwambia. Maulidi yalikuwa siku kumi na sita baada ya upasuaji. Basma alihesabu kwa vidole, akaona siku zinatosha, ingawa kwa shida.

Upasuaji ulikuwa Jumatano, na sharti lilikuwa asitie kitu kinywani tangu usiku. Mama yake alikuwa kazini hotelini Kendwa, hivyo bibi ndiye wa kumpeleka. Alfajiri ile Bi Ghaliya hakuita kwa mbali. Alikuja mpaka kitandani na bakuli la kombe: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi.

"Kunywa, mwanangu. Bismillahi."

"Bibi, daktari kasema nsile wala nsinywe."

"Ebo! Kombe nalo chakula? Hii dua!"

Basma akanywa. Kisha bibi akafungua pindo la kanga, akatoa tende tatu. "Na hizi zikutie nguvu. Tende tatu mtu haambiwi kala, kaonja tu. Utakwendaje kwenye kisu na tumbo tupu?"

Tende zilikuwa laini, na marashi yalinukia chumba kizima. Basma alizila macho nusu yamefumba, akijiona yuko kwenye maulidi.

Wodini, muuguzi alimwuliza, "Umekula au kunywa chochote tangu usiku?"

Basma akamtazama bibi. Bibi akatazama ukuta. Loo, amtie bibi yake aibuni mbele za watu! Na akisema, si atarudishwa nyumbani? Kasida je?

"Sijala," akajibu. Muuguzi akaandika, akaenda zake.

Saa tatu wakamsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Dari ilipita juu yake taratibu, taa baada ya taa, naye akahisi anaelea. Chumba cha upasuaji kilikuwa na ubaridi. Watu wa nguo za kijani walimzunguka, vinywa vimefunikwa, macho tu yanaonekana. Kila kitu kilikuwa kama ndoto, na uongo wake nao ukaonekana kitu cha ndotoni, kitakachopotea akiamka. Mmoja wao, Abrahman, mtaalamu wa dawa ya usingizi, alishika tayari barakoa ya kumvutisha dawa.

"Tusimame kwanza," ikasema sauti ya kike. Alikuwa Kidawa, muuguzi mdogo kuliko wote mle ndani, mkononi ana karatasi. Kila mtu akaacha alichokuwa akifanya, akataja jina na kazi yake.

"Kidawa, muuguzi."

"Abrahman, dawa ya usingizi."

"Mundhir, daktari wa upasuaji."

"Na wewe, mdogo wangu?"

"Basma. Mgonjwa." Wote wakacheka.

"Leo unafanyiwa nini, Basma?"

"Natolewa mafindofindo."

"Vizuri. Umekula au kunywa chochote tangu usiku?"

Dokta Mundhir akatupia jicho saa ya ukutani. Wagonjwa wake siku hiyo walikuwa wengi mpaka alasiri. "Ameshaulizwa wodini, Kidawa. Imeandikwa. Tuendelee."

Kidawa akaitazama karatasi yake. "Samahani, daktari. Hapa tunauliza tena, na anajibu mwenyewe."

Sauti yake ilitetemeka, lakini hakurudi nyuma. Basma akamwonea huruma, akajionea haya. Dada wa watu anasimama mbele ya mkubwa wake kwa ajili yangu, nami nimelala hapa na uongo wangu! Akaiona kasida, akauona umati barazani. Akayaona na yale macho yote yakimngoja yeye. Ndoto ikamtoka.

"Nshakula," akasema. "Tende tatu. Na kombe. Alfajiri." Machozi yakamtiririkia masikioni, maana alikuwa amelala chali.

Abrahman akaiweka barakoa chini. "Alhamdulillahi umesema! Ukilala kwa dawa hii, koo nalo linalala. Chakula kingepanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni, ungetuponyoka."

Basma akajikunyata, akingoja kufokewa. Dokta Mundhir alivua glavu moja, kisha ya pili. "Ahsante, Kidawa," akasema. "Leo hatufanyi. Nafasi iliyopo ni Jumatano ijayo."

Wiki nzima! Kasida ndiyo imekwenda hiyo. Nje, Bi Ghaliya aliposikia, aliketi kwenye benchi kwa kishindo.

"Nimekuponza, mwanangu."

"Na mimi nimesema uongo, bibi."

Wakalia pamoja, bila kujali wapita njia.

Jumatano ya pili Basma alikwenda na tumbo tupu, akapasuliwa salama. Siku ya maulidi, rafiki yake Thuwaiba ndiye aliyeongoza kasida. Basma alikaa nyuma kwenye mkeka, koo bado bichi, akichezesha midomo bila sauti. Lilimuuma jambo hilo, tusidanganyane.

Aliporudi hospitali kuangaliwa, Dokta Mundhir akamwambia, "Sema aaa."

"Aaa!" Sauti ilikuwa safi, mpaka yeye mwenyewe akashtuka.

"Daktari," akasema Bi Ghaliya, "kosa la kwanza lilikuwa langu."

"Na la pili langu, bibi, kwa haraka yangu. Dua hatuizuii, mngetwambia tu, tukawapangia saa ya kunywa kombe. Watafiti wamechunguza hospitali za nchi nyingi, wakaona timu ikisimama na kuulizana hivi, wanaodhurika hupungua. Ni dakika mbili, wala hazina gharama. Lakini maswali yote hayo hayafai kitu mwenye kujibu akificha. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Daktari," akauliza Basma, "mbona mliniuliza tena? Hamkuniamini?"

"Tulikuamini sana, na hapo ndipo penye hatari. Mtu akikuuliza mara ya pili, anakupa nafasi ya kuufuta uongo kabla haujamdhuru mtu. Wakubwa wengi hupewa nafasi hiyo, wakaona haya, wakanyamaza. Wewe uliona haya, ukasema hivyo hivyo. Fanya hivyo maisha yako yote, mwanangu."