Masikio ya Baba Askofu

Kila jioni, baada ya kuteka maji na kufungia kuku, Wakonyo alivuka barabara akaingia katika nyumba ndogo nyuma ya kanisa, mjini Kitale. Humo aliishi Askofu Mukhisa, mzee mstaafu ambaye masikio yake yalikuwa karibu kufa kabisa. Kazi ya Wakonyo ilikuwa moja tu: kukaa karibu na redio, kusikiliza matangazo ya vifo, kisha kumpigia mzee kelele sikioni, fulani amefariki, atazikwa mahali fulani.

"Nimezika watu maisha yangu yote," mzee alimwambia mama yake Wakonyo alipomwomba mtoto huyo. "Sitaki watu wangu wazikwe mimi nimekaa tu hapa."

Watu walimheshimu mno, na heshima hiyo ndiyo iliyomtia upweke. Walikuja, wakapiga magoti, wakabusu pete, wakaondoka. Hakuna aliyeketi. Hakuna aliyembishia, hata alipokosea. Chai yake aliinywa peke yake, akitazama viti vitupu.

Barasa peke yake ndiye aliyekuwa tofauti. Miaka michache baada ya uhuru, Mukhisa alipofanywa askofu, Mwafrika wa kwanza katika jimbo lao, wapo waumini waliokataa kupokea komunyo mkononi mwake. Walisema kofia ya askofu si ya kichwa cheusi. Barasa, katekista kutoka Matulo, alipita mbele yao wote, akapiga magoti wa kwanza. Tangu siku hiyo walikuwa kama ndugu. Barasa alikuja Kitale na mahindi ya kuchemsha, akaketi bila kukaribishwa, akamwita mzee kwa jina lake: "Mukhisa, unanenepa bure! Nani anakupikia?" Lakini siku hizi miguu ilimwuma, hakuja tena.

Siku moja Wakonyo alikutana na rafiki yake Fardosa, binti wa Bashir muuza vitambaa karibu na msikiti.

"Niaje, Wako! Leo saa moja wanapiga ile ngoma mpya. Usikose, bana."

"Nitakosa. Niko na maiti zangu za redio."

Fardosa akacheka. "Si hasikii? Zungusha stesheni. Atajuaje?"

Jioni hiyo Wakonyo alizungusha. Taa nyekundu ya redio iliendelea kuwaka, na kwa mzee mambo yalikuwa yale yale. Muziki ulipokwisha, alimwinamia sikioni. "Hakuna tunayemjua leo, Baba Askofu!"

"Tumshukuru Mungu," mzee akasema.

Kesho yake alifanya vivyo hivyo, na kesho kutwa yake pia. Uongo ukizoeleka, huwa mtamu kama muwa.

Jumatatu, mwanamume mmoja alifika akiwa na vumbi la safari. Alikuwa Kundu, mpwa wa Barasa. Hakupiga magoti.

"Baba Askofu, tulikukosea nini?" alipaza sauti. "Mjomba Barasa tumemzika Jumamosi. Redio ilitangaza siku tatu. Kiti chako kilikuwa mbele. Jeneza tulilizuia mpaka jua likateremka, tukisema, anakuja, anakuja! Sasa watu wanasema ati Barasa alikuwa rafiki yako akiwa hai, amekufa amekuwa mtu mdogo."

"Barasa yupi?" mzee aliuliza, ingawa alijua. Kisha akashika kiti. "Ni redio yangu. Imezeeka. Mtoto huyu husikiliza kila jioni, hawezi kukosa. Waambie redio iliharibika."

Kundu aligeuka aondoke. Wakonyo alijua kwamba akinyamaza, jambo litaishia hapo: redio ndiyo yenye makosa, na Matulo hawataamini. Mzee angebaki na jina la mtu anayedharau wafu.

"Ni mimi," akasema.

"Sisikii," mzee akasema. "Paza sauti."

"Ni mimi! Nilisikiliza muziki! Nilikudanganya!"

Kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi kanisani ilinyamaza ghafla. Hakuna aliyebaki bila kusikia.

Mzee alikaa chini taratibu. Hakumkaripia, na hilo liliuma kuliko kiboko. "Kundu," alisema mwishowe, "mnanyoa lini?"

"Kesho."

"Tutakuja. Na Wakonyo atakuja."

Mama yake hakumtetea. "Utaenda," alisema. "Mdomo uliodanganya ndio utakaorekebisha."

Katika desturi ya Wabukusu, siku ya kunyoa jamaa ya marehemu huketi pamoja, nywele zao zikanyolewa, na mwenye neno juu ya marehemu hulisema mbele ya wote. Huko Matulo nyuso ziligeuzwa pembeni Askofu alipoingia. Wakonyo alisimama katikati, akasema kila kitu. Watu walinung'unika. Mjane wa Barasa alimtazama mtoto, kisha akamtazama mzee.

"Kumbe hukuitupa maiti yetu," akasema, akaanza kulia. "Mleteeni kiti."

Askofu alikataa kiti. Alivua kofia yake ya zambarau, akaketi kwenye mkeka kati ya ndugu wa Barasa, akainamisha kichwa chenye mvi mbele ya wembe. Wazee walipoona hivyo, mmoja alimsogelea akamshika bega.

Baadaye, kichwa kikiwa kimenyolewa, alimwita Wakonyo kando ya kaburi.

"Hawa wamenisamehe, nami nimekusamehe," alisema. "Lakini nilitaka kumsindikiza Barasa, na siku ile hairudi hata ukilia vipi. Mtu akikuamini umsikilizie, masikio yako si yako peke yako. Na kama hukusikia, sema sikusikia. Neno hilo ni chungu kidogo, lakini halijapata kumtenga mtu na rafiki yake."

"Nije tena kesho, Baba Askofu?" Wakonyo aliuliza kwa sauti kubwa.

"Uje. Anayeweza kupiga kelele ya ukweli kama ile ya jana ananifaa." Alitabasamu kidogo tu. "Sasa nenda ukakae na wenzako. Niache hapa. Sisi wawili bado hatujaagana."