Mkunga wa Kisimani

Wewe ungeingiza mkono kwenye tope usiloliona? Rafiki yangu Biubwa, mzamiaji wa Kibaha, aliuingiza. Alikuwa ndani ya kisima cha shangazi yake, kijijini Maneromango, Kisarawe, akitafuta pampu iliyodondoka. Taa yake ikazimika. Juu, mwenzake Latifu akagonga bomba kumuuliza kama yuko salama: ngo, ngo, ngo. Chini gizani meno yakaitikia kwa kugongana, taratibu, kisha yakamuuma.

Alitoka akivuja damu. "Ni mkunga, yule samaki kama nyoka."

"Mkunga wa baharini huku Kisarawe, mwanangu? Kaja na basi?" shangazi akacheka.

Latifu hakucheka. "Dada Biubwa, kule baharini nilikuwa nagonga mtungi wa hewa hivyohivyo," alisema, "kumwita mkunga mmoja aje kula pweza mkononi mwangu."