Mkono wa Shati Usiokunjwa

Jumamosi ile ya Machi duka la vyuma la Alum Rock Road lilikuwa limefurika watu. Magdalene alikuwa amebanwa katikati ya ndoo na mafagio akitafuta balbu, aliposikia nati zikimwagika sakafuni na sauti nzito ya mwanaume ikifoka, "Shenzi kabisa! Kuja hapa!"

Alicheka mpaka akashika ubavu. Miaka ishirini na minne Birmingham, na hakuwahi kusikia nati zikitukanwa kwa Kiswahili. Akainama kusaidia kuziokota. Mwenye nati alikuwa mzee Kalasinga, kilemba cha buluu kimemkaa sawasawa, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, mifuko ya koti imejaa madoa ya grisi.

"Zimekukosea nini, fundi?"

Mzee aliduwaa. "Wewe najua Kiswahili?"

"Wewe ndiye unayekijua. Mimi naokota tu."

"Mimi mtoto ya Kisumu, mama! Natoka pale na miaka kumi na sita. Siku hizi naongea na spana peke yake, na yeye hapana jibu."

Jina lake Gurbachan. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, mkewe amefariki miaka tisa iliyopita, na siku zake alizimalizia kwenye shamba moja la jamii huko Kingstanding, akitengeneza chochote kilichovunjika. Magdalene alikuwa nesi wa wodi ya wazee katika ile hospitali kubwa ya Bordesley Green, amebakisha miezi saba astaafu. Mume alikuwa naye zamani, lakini alimtoroka siku nyingi mno zilizopita, hata kumkasirikia ilikuwa kazi ya bure.

Wiki iliyofuata akaenda kuliona hilo shamba. Akarudi tena, na tena. Kila Jumanne na kila Jumamosi alishuka kwenye basi na gambuti zake za maua, koti la zambarau na rangi ya mdomo, simu mkononi.

"Sista leo nakuja arusi ama nakuja kwa mbolea?" Gurbachan angemtania.

"Nimekuja kwa fundi. Fanya kazi, nipige picha."

Alipiga picha kila kitu. Seng'enge ikikazwa, gurudumu la wilbaro likibadilishwa, mpini wa jembe ukichongwa. Zaidi ya vyote alipiga picha pampu ya mkono ya kumwagilia mboga, ambayo ilikuwa na tabia ya kugoma. Mama yake Magdalene alikuwa na pampu ya namna hiyo hiyo shambani kwake Londiani, Kenya, na ilikuwa imekufa miaka miwili sasa.

"Polepole, jamani! Hicho kipande cha ngozi umekitoa wapi?"

Na Gurbachan, ambaye hakuwa mtu wa kurudia kazi, angefungua tena nati zote na kuanza upya, polepole, kwa ajili ya simu ile. Kisha wangekaa kwenye magogo, yeye na chupa ya chai ya tangawizi, Magdalene na mandazi. Alimpenda. Hakujidanganya kuhusu hilo. Kwa umri wake aliona kujidanganya ni kupoteza muda. Siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa Gurbachan hakuonekana kamwe, naye Magdalene alijua tu kwamba yuko hekaluni kwao akisaidia jikoni. Hakumwuliza.

Septemba, jua likiwa bado kali, alimwonyesha picha zote, amezipanga kwa utaratibu.

"Tazama. Hapa unafungua, hapa unatoa ngozi, hapa unarudisha. Nikifika nyumbani mwezi ujao, fundi yeyote akiziangalia ataifufua pampu ya mama."

"Nyumbani wapi?"

"Londiani. Ninastaafu, si nilikwambia? Mama ana miaka themanini na minane. Dada yangu aliyekuwa akimtunza tulimzika Januari."

"Wewe nasema nastaafu. Hapana sema nakwenda." Gurbachan aliweka spana chini. "Sasa nafahamu. Miezi yote hii wewe nachukua mikono yangu. Mimi mwenyewe naacha hapa."

Maneno ambayo Magdalene alikuwa ameyameza kiangazi chote yalimtoka bila mpango. "Basi njoo nayo! Njoo na mikono yako, Gurbachan. Tuoane, twende. Sisi si watoto."

Gurbachan alimtazama, macho yamejaa machozi, na Magdalene akadhani jibu ni ndiyo.

"Haiwezekani," alisema.

"Kwa nini?"

"Haiwezekani, Sista." Akachukua koti lake akaenda kituoni, na spana akaiacha kwenye nyasi.

Jumamosi hakuja. Jumanne hakuja. Magdalene akapiga simu, ikapokelewa na Mandeep, binti yake.

"Sorry auntie, Dad's resting."

"Mwambie ni Magda. Just one minute."

"He said not to wake him. Sorry."

Akapiga mara tatu wiki ile, na mara tatu mzee alikuwa amelala. Basi, akajisemea, imeshaeleweka. Watoto wamekataa. Mwafrika, tena Mkristo, atakaa wapi katika nyumba ile? Na yeye mwanaume mzima amekubali kufichwa chini ya blanketi. Alilia kwa hasira, kisha akaketi kitandani nyumbani kwake Saltley, masanduku wazi mbele yake, ili afute zile picha moja moja.

Alifuta mbili. Ya tatu ilimshika mkono.

Ilikuwa ya Julai, siku ya joto kali, watu wote shambani wamevaa fulana. Gurbachan alikuwa amekunja shati mkono wa kulia mpaka juu ya kiwiko. Wa kushoto ulikuwa umefungwa kifungo. Magdalene akaangalia nyingine, na nyingine. Aprili, Juni, Agosti. Kulia umekunjwa, kushoto umefungwa. Katika picha moja tu, mzee akiwa amezamisha mkono ndani ya bomba, shati lilikuwa limepanda kidogo. Akaikuza. Mshipa mnene, umevimba kama kamba chini ya ngozi, na plasta mbili ndogo.

Nesi mzima! Alikuwa ameitazama mikono ile nusu mwaka, akasoma kila nati iliyopita ndani yake, ila mshipa hakuusoma.

Jumatano, mojawapo ya zile siku za hekaluni, aliteremka ghorofa mbili kutoka wodini kwake mpaka chumba cha wagonjwa wa figo, penye mashine za kusafisha damu. Gurbachan alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, kilemba cha buluu, mkono wa kushoto wazi, mirija miwili ikipeleka damu na kuirudisha.

"Tangu lini?" Magdalene aliuliza.

"Miaka mbili. Mara tatu kila wiki." Hakujaribu kuuficha mkono. "Mara mbili naona wewe kwa korido. Najificha nyuma ya mashine ya chai."

"Kwa nini hukuniambia, mpenzi wangu? Mimi!"

"Hapa watu yote naangalia mimi kama mgonjwa. Kule shamba, wewe naangalia kama fundi." Akavuta pumzi. "Kutoka kwa mama yako mpaka mashine kama hii, mbali kiasi gani?"

"Saa mbili. Mvua isiponyesha."

"Na Londiani nanyesha?"

Londiani hunyesha karibu mwaka mzima, na wote wawili walilijua hilo. Magdalene aliweka paji la uso juu ya mkono mzima wa Gurbachan akalia.

"Nitabaki," alisema.

"Sista. Miaka ishirini na nne wewe naosha mama za watu. Yako nani taosha?"

Walishikana mikono mpaka mashine ilipomaliza kazi. Oktoba, siku ya kuondoka, Gurbachan alimpa shati lake la kazi, limefuliwa na kupigwa pasi, likinukia grisi vilevile.

Jumatano moja ya Novemba, kati ya mvua mbili, Magdalene alipiga magoti kwenye tope la Londiani na spana mkononi. Mama yake, juu ya kigoda, alimshikia simu kwa mikono miwili, na ndani ya simu alikuwa Gurbachan kwenye kile kiti cha dirishani.

"Ngozi iko sawa?"

"Iko sawa."

"Kaza ya chini kwanza. Polepole, jamani!" Alimwigiza sauti, na Magdalene akacheka huku machozi yakimdondoka. Kisha mzee akamtazama vizuri. Magdalene alikuwa amelivaa lile shati, mkono wa kulia umekunjwa, wa kushoto umefungwa kifungo.

"Magda. Kunja na ya kushoto. Wewe hapana kitu ya kuficha."

Akaukunja. Akashika mpini wa pampu, akasukuma mara sita, mara saba. Pampu ikakohoa, kisha maji yakaja, mekundu kwanza, halafu meupe.

"Mama, sogeza simu karibu na maji," alisema. "Anataka kuyasikia."