Mwenye Nyumba Hakutia Sahihi

Hivi wewe, ukigonga ukuta wa nyumba unayotaka kununua, halafu ukuta nao ukakugongea, utafanyaje? Usijibu haraka. Mwalimu Costantine ana degree ya physics, na jibu lake lilikuwa neno moja: echo.

Aligonga mara mbili kwa mpini wa bisibisi. Ukuta ukarudisha tatu. Akaandika kwenye daftari kwamba ukuta wa chumba cha nyuma una uwazi ndani, uzibwe. Akaendelea na kazi.

Na kazi aliifanya, tusimnyime haki yake. Wenzake wananunua nyumba kwa kuangalia rangi ya mlango. Yeye alikuja na checklist ya kurasa mbili. Alipanda darini akachoma kila boriti kwa bisibisi kutafuta mchwa. Alimwaga ndoo za maji juu ya bati aone panapovuja. Alionja maji ya kisima kama yana chumvi, akazunguka mipaka na majirani wote wanne, akasoma hati ya mauziano mpaka nukta ya mwisho. Nyumba yenyewe ilikuwa gofu la mawe na chokaa, kwenye kitongoji kimoja njia ya kwenda Utende, bati limeoza nusu, lipu inamwagika kama unga. Lakini kuta zilisimama. Ilikuwa iwe nyumba yao ya kwanza, yeye na mkewe Getrude, nesi, watu wa bara waliokaa kisiwani miaka sita kwenye vyumba vya kupanga. Binti yao Furaha, wa miaka saba, siku ya ukaguzi aligoma kuingia chumba cha nyuma. Kwenye checklist hapakuwa na kipengele cha mtoto kugoma.

Muuzaji aliitwa Mudrik, mzaliwa wa hapo aliyehamia Dar, na alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Akaapa kwamba nyumba ya marehemu bibi yake haina mgogoro na mtu. Mwenyekiti wa kitongoji, Kombo, akagonga muhuri, akawaambia karibuni nyumbani. Wote wawili walikuwa wanajua. Lishike hilo.

Kazi ya kukarabati akapewa fundi Zubery. Chini kabisa kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, karibu na sakafu, Zubery akakuta kidaka, kile kishimo cha kuwekea vitu ambacho nyumba za kale huwa nacho ukutani. Vidaka vingine vilikuwa usawa wa macho, vitupu. Hiki kilikuwa cheusi kwa moshi wa ubani, kimezibwa kwa kibao, na ndani mlikuwa na sahani nyeupe, yai moja, na kichupa cha marashi. Zubery ni mtu wa kisiwa. Alielewa kabla hajapiga magoti. Akamfuata Mwenyekiti. Mwenyekiti akamwambia asiwatie wageni hofu, nyumba imeshauzwa, apige lipu.

Basi Zubery akafanya adabu ya nusu nusu. Akapiga lipu juu ya kidaka, akaacha tundu la upana wa kidole, akanong'ona samahani, akanawa mikono. Wenye nyumba hakuwaambia kitu. Very professional.

Wiki ya pili baada ya kuhamia, sisimizi wakaanza kutoka kwenye lile tundu, mstari mmoja mweusi, kila siku saa saba mchana. Getrude akakoroga saruji iliyobaki, akaziba mwenyewe kwa kijiko.

Siku hiyo hiyo nyumba ikaanza kunuka marashi.

Kisha ikaja sauti. Kitu kilikuwa kinakwangua nyuma ya lipu, polepole, kama mtu anayebandua ukoko kwenye sufuria, na kilikwangua saa saba ileile, jua likiwa utosini, wakati ambao watu wa hapa huwaita watoto ndani bila kueleza kwa nini. Costantine akasema panya. Akatega sumu. Siku ya nane sauti ikakoma, wakafurahi, wakala wali. Watu wenye akili wangeanza kuogopa hapo.

Shule zilikuwa zimefungwa. Getrude alirudi kutoka kazini mchana kula, akamwita Furaha, hakuitikiwa, akafuata harufu ya marashi mpaka chumba cha nyuma, na humo akamkuta mwanawe amekaa sakafuni kakunja miguu kama mzee wa makamo, uso kwenye ukuta, kucha nyeupe kwa chokaa, anatafuna yai bichi pamoja na ganda lake, taratibu, bila kumwaga hata tone, na alipoitwa mara ya tatu akasema, bila kugeuka, kwa sauti nzito ya mtu aliyeamshwa usingizini, "Funga mlango. Mwanga unaniumiza."

Hospitali wakapima kila kinachopimika. Negative, negative, negative. Mchungaji akaja akaomba saa nzima, Furaha akamsikiliza kwa heshima, akaitikia amina, halafu akamgeukia baba yake akauliza, "Mudrik amekula?"

Jioni hiyo Costantine alimfuata Zubery kwake, na Zubery, bila hata kuulizwa mara mbili, akasema yote. Kesho yake wakamvusha Bi Sabra kutoka kisiwa cha Chole, mama wa makamo anayejulikana kwa kazi hizo. Getrude akampa shikamoo. Bi Sabra akaitikia marahaba, akafukiza ubani, akakaa mbele ya mtoto.

"Nani wewe?"

"Mwenye nyumba."

"Nyumba imeuzwa."

"Nilisikia muhuri ukigongwa," mtoto akasema. "Sahihi yangu iko wapi?"

Bi Sabra akawatoa wazazi uani, akawaeleza kwa kunong'ona. Yule jini alilelewa humo na bibi yake Mudrik, kila Alhamisi yai na marashi. Ukoo unaohama nyumba ya namna hiyo huwasha chetezo cha ubani kwenye mlango wa zamani, wakakibeba kinafuka mpaka makazi mapya, wakimwita kwa jina njia nzima, naye akafuata moshi. Mudrik aliona haya kupanda boti na chetezo. Mtu wa mjini. Akafungia kila kitu nyuma ya kibao, akauza. Na tundu lilipozibwa, aliyekuwa ndani akatafuta pengine pa kukaa.

"Si umtoe wewe, bibi?" Getrude aliuliza.

"Jina lake silijui, mwanangu. Wanalo wao tu." Bi Sabra hakumtazama usoni. "Mwite binti yako kila saa. Siku atakayoacha kuitikia jina lake, usinifuate tena."

Costantine hakungoja. Alichukua nyundo akaubomoa ukuta wote wa chini, lipu, saruji ya mkewe, mawe, vumbi likimjaa kinywani, huku analia na kuhesabu kila pigo kama mwendawazimu, na alipokifikia kidaka akakikuta kikavu, safi, kimefagiliwa, na nyuma yake mlangoni Furaha amesimama anamtazama kwa huruma.

"Nimeshahama, mwalimu," akasema. "Hapa kwa mtoto pana joto."

Wakampigia Mudrik, simu ikiwa kwenye loudspeaker. Costantine alimweleza yote, akamsihi, akamwita ndugu. Mudrik akakohoa. Akasema aliuza nyumba as it is, mnunuzi alikagua mwenyewe, kurasa mbili, mashahidi wapo. Ndipo kutoka chumba cha ndani, kwa upole wa ajabu, ikaja ile sauti: "Mudrik, mwanangu. Mbona hukuniaga?"

Mudrik akakata. Mpaka leo hapatikani.

Wiki ya kwanza Furaha aliitwa mara tatu akaitika. Iliyofuata, mara kumi na moja. Jana, kumi na tisa, na alipoitika alimtazama mama yake kama anayejaribu kukumbuka walionana wapi. Leo asubuhi mara ishirini na saba. Getrude sauti imemkauka, sasa anaita kwa mnong'ono.

Kwa hiyo Mudrik, huko ulikozima simu: nenda bandarini Nyamisati, panda boti ya kwanza. Chetezo kiko mlangoni, makaa yanawaka. Kama hujui pa kumpeleka, mpeleke kwako, ni wenu. Na wewe Mwenyekiti Kombo, unayepishana na Getrude barabarani ukajitia kuongea na simu, weka muhuri chini, mchukue na Zubery wako, mwende mkamlete huyo kijana kwa mikono yenu. Litajeni hilo jina. Mtoeni mtu wenu ndani ya mtoto wa watu, leo hii.