Mpenzi Anayeamka Alasiri

Siku ya soko Bungoma hapakuwa na pa kukanyaga, ndiyo maana Kipruto akakanyaga nyanya za Agneta. Agneta alikuwa fundi wa nguo, na gauni lake la manjano, alilojishonea mwenyewe, lilirukiwa na madoa mekundu hadi magotini.

"Pole, madam!"

"Pole itafua gauni?"

Haikufua, lakini ilizaa soda, na soda ikazaa namba ya simu. Kipruto alikuwa mtengeneza tovuti huko Kitale. Mapenzi yakashika moto, na kila siku ujumbe ukaingia: "Umeamkaje, malaika? Jua limechomoza, nakuwaza wewe tu."

Shida ni kwamba uliingia saa tisa alasiri.

Mwanzoni Agneta alicheka. Baadaye wasiwasi ukamwingia, maana baba yake, mkulima wa miwa Kabuchai, alikuwa amekubali kumpokea kijana huyo Jumamosi, na hakuna kitu mzee alichokichukia kama mwanamume mlalaji. Akampigia simu.

"Kipruto, kwani wewe huamka saa ngapi?"

"Mapema, sweetie. Si nakusalimia kila asubuhi?"

"Asubuhi gani, na watoto wametoka shule? Usikuje Jumamosi. Baba hawezi kunipea mtu anaamka ng'ombe wakikamuliwa mara ya pili!"

Kipruto akacheka. Hilo lilikuwa kosa kubwa.

"Si mimi, bana! Ni programu niliandika, inatuma yenyewe. Iko kwa kompyuta ya Marekani, inafuata saa ya huko. Huko ndio kunakucha. Nilisahau kuiambia tuko Kenya. Nitarekebisha leo."

"Ati nini? Kumbe nimekuwa nikiitwa malaika na mashine?"

Agneta alikata simu, akalia juu ya kitambaa cha mteja. Afadhali mlalaji, mlalaji angalau huamka mwenyewe.

Jumamosi, wauza maziwa hawajapita, mlango wa duka la Agneta la kushonea ukabishwa. Alikuwa Kipruto, koti limekunjamana, viatu vimejaa matope, macho mekundu.

"Ile programu nimefuta. Nimekuja kukusalimia na mdomo wangu."

"Haya, salimia."

Maneno yakamwishia. Bila mashine yake, kijana alikuwa bubu kabisa.

"Agneta," alisema hatimaye, "nakupenda. Nataka kukuoa. Hata sijui niongeze nini."

Agneta hakuwahi kumpenda kama alivyompenda hapo. Akafunga duka.

"Acha hayo matope, usipanguse," alisema akimshika mkono. "Baba yuko shambani tayari, na leo mkwe wake ataanza kukata miwa."