Mstari wa Juu

Kila Jumamosi, baada ya kuteka maji na kufua sare ya shule, Ghislaine alimshika mkono mdogo wake Mapendo, wakateremka mteremko wa mtaa wao wa Kadutu, mjini Bukavu, mpaka chumba cha kusomea cha parokia. Ghislaine alikuwa na miaka kumi na miwili, Mapendo sita. Walitembea kwa uangalifu, maana mvua iliacha utelezi.

Maman Francine, mwangalizi wa chumba hicho, alianza kwa sala, kisha akafungua sanduku la vitabu vya picha vilivyotoka Uhindi. Kila kitabu kilikuwa na lugha mbili. Mstari wa chini ulikuwa wa Kifaransa, na Ghislaine ndiye aliyepewa kazi ya kuwasomea wadogo. Mstari wa juu ulikuwa na herufi za mviringo, kama maharagwe yaliyomwagika mezani. Kitabu walichokipenda kuliko vyote kilimwonyesha msichana akipaka pembe za ng'ombe rangi nyekundu na buluu kwa ajili ya sikukuu.

Hakuna aliyeweza kusoma mstari wa juu, isipokuwa Ghislaine. Ndivyo watoto walivyoamini. Mwezi mmoja nyuma, mvulana mmoja aitwaye Héritier alimwambia, "Weye unajiona mwalimu. Soma basi na huo wa juu."

Ghislaine alijibu bila kufikiri kwamba mjomba wake alifanya kazi kwa Wahindi huko Uvira, naye ndiye aliyemfundisha. Akaweka kidole chini ya herufi, akatamka polepole, "Tirimana solo, solo tirimana." Tangu siku hiyo wadogo walimzunguka kila Jumamosi, na Héritier akabaki na mzaha tu: "Muhindi wetu, nisomee na bei ya kitenge."

Mapendo aliyashika maneno yote. Aliyasema akioga. Aliyasema hata kitandani, mara baada ya Baba Yetu. Hapo moyo wa Ghislaine ulianza kumsumbua. Aliomba msamaha kwa Mungu, lakini Jumamosi iliyofuata alisoma vilevile.

Siku moja Maman Francine aliingia na mgeni. Alikuwa Maman Hansa, mwenye duka la vitambaa, ambaye ndiye aliyetoa lile sanduku. Mhindi mwenyewe amefika, alifikiri Ghislaine, leo nimekwisha.

"Jambo, watoto. Musiniogope, miye nilizaliwa hapa hapa Bukavu," alisema mgeni. "Nasikia kuna mutoto anasoma mustari wa juu. Ni nani?"

Wote wakamsukuma Ghislaine mbele.

"Nisomee basi, mwanangu. Miye siwezi."

"Huwezi?" aliuliza Héritier. "Si ni luga yenu?"

"Hapana. Uhindi iko kama hapa. Wewe unasema Mashi, jirani yako anasema Kilega, na hamusikilizani. Kwetu ni Kigujarati, na tunaandika namna ingine. Hii ni Kitamili, ya watu wa kusini." Akamgeukia Ghislaine. "Soma polepole, niandike vile unatamka. Vitabu kama hivi nilipeleka Kavumu na Nyangezi. Watoto kule watajifunza kwako."

Ghislaine alielewa. Humo chumbani hamkuwa na mtu wa kumkamata. Angesoma, angesifiwa, na watoto wa Kavumu wasiomjua wangeketi kujifunza uongo wake. Kabla hajafungua mdomo, Mapendo alisimama kando yake na kuanza kwa sauti safi, "Tirimana solo..." Kalamu ya Maman Hansa ikaanza kuandika.

"Acha, Mapendo," alisema Ghislaine. "Maman, usiandike. Hayo maneno si kitu. Niliyatunga miye. Sijui hata herufi moja hapo. Na mjomba wangu hajafanya kazi kwa Wahindi hata siku moja, analima mashamba huko Bunyakiri."

Hakuna aliyecheka, hata Héritier. Mapendo alimvuta mkono dada yake, ambaye sikuzote alimwita Yaya.

"Yaya, na miye nilikuwa nasali nayo?"

Ghislaine alipiga magoti mbele yake. "Wewe ulishika vizuri yale uliyopewa. Mwenye kosa ni miye."

Maman Hansa alikata ule ukurasa wa daftari, akaukunja. "Kuna dada mumoja Mutamili kule Kigali," alisema. "Nitamuomba atusomee."

Jumamosi mbili baadaye simu iliwekwa juu ya meza, na sauti ya yule dada wa Kigali ikasoma ukurasa baada ya ukurasa. Maneno yalikuwa magumu. Ghislaine aliketi mkekani pamoja na wadogo, akakosea kama wao, akarudia. Mapendo ndiye aliyeshika ukurasa wa kwanza kabla ya wote. Kazi yake ya kuwasomea wadogo Kifaransa alikuwa amepewa Héritier, mpaka Pasaka.

Watoto walipotoka, Maman Francine alimwita Ghislaine.

"Kazi nimekuondolea kwa sababu uliwadanganya wadogo, na hilo lina uzito," alisema. "Lakini siku ile ni Mungu tu aliyejua kwamba unadanganya, na ulisema kweli. Usisahau hilo pia. Mwanangu, kusema 'sijui' si aibu. Anayesema hivyo hupata wa kumfundisha. Anayejifanya anajua, nani atajua kwamba anahitaji msaada? Na mtoto mdogo hapimi tunachompa. Anakipokea, anakwenda nacho mpaka kwenye sala zake. Umpe kilicho cha kweli."